Seti ya Robo Inchi

Nilitoka nyumbani jua likiwa limebaki kidogo, mkononi nina mfuko wa kitambaa, na nia yangu ilikuwa moja tu: niende, nichukue seti, nirudi kabla mume wangu hajamaliza kupiga pasi mashati yake.

Watu wa mtaani huniita Mama Mashine. Nimetengeneza cherehani na mashine za kuchapa kwa miaka thelathini na mbili, na katika miaka hiyo nilishikwa na ugonjwa ambao mume wangu, Mwalimu, alishauzoea. Nakusanya seti za zamani za soketi, vile vikombe vya chuma vya kufungulia nati. Si zile kubwa za magari. Ndogo, za robo inchi, ambazo soketi yenyewe haizidi ncha ya kidole na racheti yake, mpini wa kuzizungushia, inalala kiganjani kama kijiko. Nilikuwa nazo kumi na tisa. Kila moja niliiosha kwa dizeli, nikaisugua kutu kwa brashi ya waya, nikaipaka mafuta ya cherehani, nikaifunga kwa flaneli, nikaiweka kabatini pamoja na vipande vya mkaa vya kunyonya unyevu.

"Wenzako kabatini wanaweka vikombe vya wageni," Mwalimu alizoea kunitania. "Sisi mgeni akija tutamnywesha chai kwa soketi namba kumi."

Siku ile alikuwa amenipigia simu mwanamke nisiyemjua. Sauti yake ilikuwa ya chini sana. Alisema marehemu mume wake ameacha seti, na kwamba amesikia mimi najua kuzitunza. Nije leo. Kabla giza halijaingia.

Nilipofika, mlango haukuwa mahali pake. Ulikuwa umeegemezwa ukutani, na pale penye mlango pamening'inizwa shuka. Nilibisha hodi kwa mdomo, nikaingia.

Kitanda kilikuwa rundo la mbao. Meza ilikuwa imelala, miguu yake minne imepangwa kando. Mapanga ya feni yalikuwa sakafuni. Dirisha halikuwa na bawaba hata moja. Kila kilichosimama mle ndani kilisimama kwa kamba.

"Mnahama?" nikauliza.

"Tunahama," alijibu yule mwanamke wa simu.

Sikumwona mtu mwingine.

Alikuwa amekaa kwenye mkeka, mtu wa umri wangu hivi. Viganja, viwiko na magoti yake vilikuwa vimezungushiwa bandeji, zimekazwa mpaka nyama imevimba pembeni. Nikadhani ni baridi yabisi. Chumba kilinuka grisi iliyopata moto, na chini ya harufu hiyo kulikuwa na nyingine... kama ya kidonda kilichofunikwa muda mrefu.

Boksi lilikuwa juu ya kizingiti cha dirisha. Bati la kijani, kifuniko chake kimenyooka, hakina hata bonyeo moja. Moyo wangu ulidunda kama wa msichana.

"Lichukue kwa mkono wako mwenyewe," alinong'ona. "Usilifungue hapa."

"Nikupe nini, dada?"

"Sitaki kitu. Sema tu umepokea."

"Nimepokea."

Alifumba macho. Kisha akaanza kufungua bandeji ya mkono wa kulia, taratibu, kama mtu aliyefika nyumbani anavua viatu. Hapo ndipo ningemuuliza. Lakini nilikuwa na seti mkononi, na mkusanyaji mwenye seti mkononi haoni wala hasikii.

Nyumbani nililifungua chini ya taa. Soketi kumi na moja, kuanzia namba nne mpaka kumi na tatu, na ile ya tano na nusu ikiwemo. Seti nyingi za zamani hukosa ya namba kumi, hiyo ndiyo hupotea kwanza. Hapa haikukosekana hata moja. Na hazikuwa na kutu. Zote zilikuwa na mafuta mabichi, kana kwamba kuna mtu ametoka kuzitumia sasa hivi.

Niliifunga kwa flaneli, nikaiweka mwisho wa rafu.

Kesho yake, magharibi, tulikuwa tumekaa sebuleni. Mwalimu alikuwa anasoma gazeti.

Kri... kri... kri...

Kisha kimya.

Kri... kri... kri...

"Panya," alisema Mwalimu, bila kuinua macho.

Mimi nilijua si panya. Racheti hulia mkono unaporudi nyuma. Unapokwenda mbele, unapoizungusha nati yenyewe, haitoi sauti. Kwa hiyo kile kimya cha katikati ndicho kilichonisimamisha nywele. Kile kimya ndiyo kazi yenyewe.

Nilikwenda kabatini. Boksi lilikuwa limefungwa, flaneli iko kama nilivyoiacha. Lakini mezani, mbele ya cherehani yangu, kulikuwa na nati zake nne zimepangwa mstari, kutoka ndogo mpaka kubwa, zimefutwa zikang'aa.

Magharibi iliyofuata ilikuwa zamu ya kitanda. Ya tatu, bawaba za mlango wa jikoni. Kila mara nilikaza nati zote kwa mkono wangu, nikanyamaza. Nilishaanza kuogopa, lakini sitakuficha: niliogopa zaidi kwamba Mwalimu ataniambia niiondoe.

Siku ya nne alikuwa ameshika kikombe cha chai.

Kri... kri...

Kimya.

Kikombe kikaanguka.

"Mkono umekufa ganzi," alisema, akacheka kidogo. Alijaribu kuunyanyua. Kiganja kilining'inia kwenye kifundo kama shati kwenye kamba.

Siku ya tano, goti la kushoto. Ya sita, bega. Hospitali walimpiga picha. Daktari aliishika ile picha kwenye mwanga, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Mifupa ni mizima, mama. Hakuna kilichovunjika. Imeachana tu."

"Imeachanaje?"

Alimwita daktari mwingine, naye akaigeuza picha ile ile.

Nilirudi kwenye ile nyumba mbio mbio. Haikuwa na mtu. Hata shuka la mlangoni halikuwepo. Kwenye baraza ya jirani alikaa fundi viatu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nikamuuliza.

"Ameondoka siku ile ile uliyokuja na mfuko," alisema. "Kwa miguu yake. Na sisi tulizoea kumwona akijivuta."

"Mume wake alikufa kwa nini, mzee?"

Alitazama pande zote, akashusha sauti.

"Alikuwa mkusanyaji kama wewe. Ile seti alipewa na mtu, naye huyo alipewa na mtu. Wanasema mwanzo ilikuwa ya fundi mmoja aliyemwonea mwenzake wivu. Alikwenda kwa mganga, akataka mwenzake afungwe, asiweze kazi tena. Mganga akamwambia, lete vifaa vyako mwenyewe. Wakaenda mahali, wakakaza nati moja kwa racheti ile, wakamfunga nayo. Wakamfunga mzima mzima, roho na mwili. Akafa amefungwa."

"Nati gani? Iko wapi? Nitaifungua mimi."

"Hapo ndipo penye kazi. Wale wawili walishakufa, hawakumwambia mtu." Alivuta uzi kwenye kiatu alichoshika, ukakatika. "Na yule aliyefungwa mwenyewe hajui iko wapi. Ndiyo maana anafungua kila kitu. Anaitafuta ya kwake."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka nililichukua lile boksi na kulitumbukiza kwenye shimo la choo, nikasikia linavyozama. Magharibi ilipoingia nilifungua kabati. Lilikuwa mwisho wa rafu. Flaneli imekunjwa vizuri kuliko ninavyokunja mimi.

Ndipo nikamweleza Mwalimu kila kitu. Alikuwa amelala chali, viungo vyote vya mikono na miguu vimeshalegea. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa akiwasikiliza watoto wa shule waliovunja kioo.

"Kwa hiyo ukimpa mtu, na yeye akapokea, inatoka kwetu," alisema.

"Ndiyo. Yule mama alipona, Mwalimu. Ameondoka kwa miguu yake."

"Usimpe mtu."

"Mwalimu..."

"Usimpe mtu, mke wangu. Mimi nimeshakuwa hivi. Iishie hapa ndani."

Nje kulikuwa kunaingia giza. Nilijua kimebaki nini: taya na shingo. Nilipanda kitandani, nikapiga magoti kichwani pake, nikamshika taya kwa mikono yote miwili, nikabana kwa nguvu zote za mtu aliyekaza nati maisha yake yote.

Kri... kri...

Ilikuwa karibu sana. Haikutoka kabatini.

Kri...

Kimya.

Na chini ya viganja vyangu, ndani ya nyama ya mume wangu, nilisikia kitu kikizunguka.

Nilimfunga taya kwa kitambaa cha kichwa ili mdomo usibaki wazi. Shingo tu ndiyo ilikuwa haijaguswa. Kesho yake ingekuwa shingo. Kila mtu anajua shingo ikifunguka mtu anakuwaje.

Asubuhi nilimpigia simu Fundi Redio.

Huyu tumefahamiana miaka kumi na moja. Anakaa na dada yake mkubwa, ndiye aliyemlea. Naye ni mkusanyaji, lakini hana mkono wa bahati. Seti zake zote zina mapengo. Kila akija kwangu hukaa mbele ya kabati kama mtu aliyekuja kuangalia mtoto mchanga, na hagusi kitu mpaka nimruhusu. Nilimwambia kuna seti kamili ya robo inchi nataka kumpa. Nilimwambia nina mgonjwa, sina tena muda wa kutunza. Alishukuru kwa sauti iliyokatika kwenye simu. Nadhani alikuwa analia.

Alikuja alasiri, amebeba mkate mzima na salamu za dada yake. Alisimama mlangoni mwa chumba kumpa pole Mwalimu.

Mwalimu alianza kuguna. Macho yalimtoka. Sauti ilitoka nyuma ya kile kitambaa, ndefu, haina maneno, ikapanda, ikapanda.

"Anasema nini, dada?" aliuliza Fundi Redio.

"Anakusalimu."

Aliinama kwa heshima. "Shikamoo, Mwalimu. Utapona tu."

Tulikwenda kabatini. Nikamwambia achukue kwa mkono wake. Alifuta viganja kwenye suruali kwanza.

"Sema umepokea," nikamwambia.

"Nimepokea, dada yangu. Mungu akulipe."

Magharibi ile nilikaa kando ya kitanda, mikono yangu shingoni mwa Mwalimu. Giza liliingia. Taa za majirani ziliwaka. Hakikulia kitu. Ya pili yake pia, kimya. Nilisubiri mkono wake usogee, hata kidole kimoja. Haukusogea. Nimeshakaa nao mpaka leo, haujasogea. Labda yule mama alikuwa ameguswa tu, na wangu alikuwa ameshafunguliwa. Au anayepona ni yule anayetoa. Sijui. Fundi viatu naye nilimwendea, akaniambia hajui zaidi ya aliyoniambia, na akaniomba nisirudi barazani kwake.

Magharibi ya tano simu iliita. Niliipokea nikiwa nimekaa pale pale kitandani.

"Dada, samahani kukusumbua." Fundi Redio alikuwa ananong'ona. "Nina swali la kijinga kidogo."

"Niulize."

"Hii seti... kwako ilikuwa inalia?"

Nyuma yake niliisikia. Kri... kri... Halafu kimya, kimya kirefu. Halafu kikaanguka kitu kama sahani, na sauti ya mwanamke mzee, imeshangaa tu, haijaogopa bado: "Jamani, mkono wangu."

Ningeweza kumwambia. Ningemwambia angalau ajue anapambana na nini. Lakini nilimwona akipanda ngazi zangu na boksi kwapani, akiniomba nilipokee tena, na nilijua kwamba akiniomba sitakuwa na uso wa kukataa.

"Hapana," nilisema. "Kwangu haikulia. Labda panya."

"Labda," alisema. "Asante, dada. Msalimie Mwalimu."

Nilikata simu. Nilipogeuka, Mwalimu alikuwa macho. Alikuwa ameisikia simu yote, maana chumba chetu ni kidogo. Alinitazama kwa muda. Kisha kwa kiungo kile kimoja kilichobaki chake, aligeuza uso ukutani.

Wiki tatu zimepita. Simu ya Fundi Redio inaita tu, haipokelewi. Namlisha Mwalimu uji kwa kijiko, namfuta, nambadilisha shuka, namsimulia habari za mtaani. Nikimgeuzia uso kwangu, namgeuza kwa mkono. Nikimwachia, unarudi ukutani.