Safari ya Darasani

Walikutana kwenye duka la vifaa vya umeme, siku ambayo foleni ilifika mpaka mlangoni. Mwalimu wa jiografia, ndani ya gauni la kijani lililopigwa pasi vizuri na vumbi la chaki kwenye kiwiko, alinyoosha mkono kuchukua waya wa projekta. Mkono mwingine ukafika pamoja na wake.

"Dada, huo ni wa mwisho," alisema kijana mrefu, miwani ya jua ameipandisha kichwani.

"Ndiyo maana nimeushika."

"Na mimi nishike nini?"

"Shika subira."

Kijana alicheka mpaka muuzaji akageuka. Kazi yake ilikuwa kuendesha gari lenye kamera juu ya paa, akipiga picha za barabara za kutengenezea ramani. Mwalimu aliposikia hivyo, aliuachia waya. Wanafunzi wake, alisema, walikariri mito na bandari kama kasuku, lakini wengi hawajawahi hata kuvuka mtaa wao.

"Basi nitawavusha mimi," alisema kijana, akimrudishia waya. "Nauli ni namba yako ya simu tu."

Kijana alipohamishiwa mji wa bandari, hakuvunja ahadi. Kila Alhamisi aliwasha kamera, projekta ikapokea picha moja kwa moja, na ukuta wa darasa ukageuka kioo cha mbele cha gari. Watoto wakambatiza jina la Dereva, wakamwelekeza wao.

"Dereva, kata kushoto! Tuone meli!"

"Mbona maghala yote yamejazana karibu na gati?" aliuliza Mwalimu.

"Meli haziwezi kupanda mlima!" alidakia mtoto wa dawati la nyuma. Darasa likaangua kicheko, na somo likaingia lenyewe.

Jioni, kwenye simu, ilikuwa zamu yao wawili.

"Mpenzi, leo ulikimbiza gari mno."

"Kosa lako. Nikisikia sauti yako, mguu unasahau breki."

"Muongo we!"

Alhamisi moja gari lilisimama kando ya barabara. Kamera ilitazama mbele tu, lakini mlango ulisikika ukifunguliwa, kisha sauti laini ikasema, "Mume wangu, umechelewa! Chakula kimeshapoa."

"Nisamehe, mke wangu mzuri," alijibu Dereva.

"Haaa!" darasa zima likaguna. Msichana wa dawati la mbele alimtazama Mwalimu kwa huruma. Mwalimu akachomoa waya.

"Fungueni atlasi," alisema.

Simu hakupokea tena, ujumbe hakusoma. Watoto walipomuulizia Dereva, aliwaambia gari limeharibika, kisha akageukia ubao ili wasimwone macho.

Jumatatu asubuhi mlinzi alimwita getini. Gari la kamera lilikuwa pale, limejaa vumbi hadi madirishani. Kijana alisimama kando, shati limekunjamana kwa safari ndefu. Mlango wa abiria ukafunguka, akashuka ajuza mfupi mwenye kilemba cha zambarau.

"Wewe ndiye unayeninyang'anya mume?" aliuliza, kwa sauti ileile laini.

Mwalimu akaduwaa. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Huyu mjukuu wangu ni mume wangu tangu anavaa nepi. Lakini tangu ulipomnunia hali, halali, ananizungukia tu nyumbani kama kuku anayetaka kutaga. Mume wa namna hiyo simtaki. Mchukue!"

Mwalimu alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Kwa nini hukuniambia?" alimgeukia kijana.

"Ungepokea simu ningekuambia!"

"Nilidhani umenichezea mbele ya watoto wangu. Niliona aibu. Nisamehe."

"Nami nisamehe kwa kutozima ile kamera." Akamsogelea. "Nimeomba nirudishwe hapa. Nimechoka kukusikia kwenye simu. Utakubali nikuoe?"

"Na mke mkubwa je?"

"Mke mkubwa magoti yanamuuma," alidakia bibi. "Jibu upesi, mwanangu, nikakae."

Vichwa vya watoto vilikuwa vimeshajaa madirishani mwa darasa. "Mwalimu, mkubalie Dereva!"

Mwalimu alifuta machozi, akamkunjulia kijana kola ya shati. "Nimekubali," alisema. "Lakini kwa baba yangu utajieleza mwenyewe."

Madirisha yakalipuka kwa vigelegele.