Viatu vya Kahawia vya Nyasuguta

Siku ya soko Rangwe, mwaka wa pili wa uhuru, msichana mwenye gauni la manjano alikanyaga ngozi za Maroa zilizotandazwa chini, akaomba radhi huku akicheka.

"Ukikanyaga umenunua," Maroa akamtania.

"Basi nifungie, fundi."

Jina lake lilikuwa Kezia, Mkisii, binti wa wafanyabiashara Waadventista wa Homa Bay. Maroa alikuwa Mkuria anayejifunza kushona viatu Migori, na katika kupaka rangi bado alikuwa kinda.

Mapenzi yakapamba moto. Mzee Ongeri, baba yake Kezia, hakutaka kusikia habari za mkwe Mkuria. Aliyekuwa upande wao ni mama, Nyasuguta, mgonjwa wa moyo aliyevimba miguu. Alimwomba Maroa amshonee viatu laini vya rangi ya kahawa iliyokaangwa, kama vile alivyoolewa navyo. Sabato atakayovivaa, alimwahidi, atasimama kanisani na kumtangaza Maroa kuwa mkwe wake. Neno hilo likishasemwa mbele ya waumini, mzee angelipingaje?

Maroa akashona, akapaka. Mwalimu wake alikuwa amemwonya ajaribu kwanza kwenye kipande na kukiacha kikauke, maana ngozi iliyolowa huonyesha rangi nzito isiyokuwapo. Lakini mapenzi na subira havikai nyumba moja. Viatu vilipolowa vilikuwa kahawia hasa. Vilipokauka vikapauka vyekundu kama tofali. Akapaka tena na tena, bila kungoja, hadi vikawa vyeusi tii. Rangi ikishaingia ngozini haitoki. Sabato ilikuwa imekaribia, basi kwa aibu akampa mchuuzi avipeleke hivyo hivyo Homa Bay, bila neno la kueleza.

Kezia alipiga simu kutoka posta hadi duka la jirani yake Maroa. Sauti yake ilikuwa kavu.

"Maroa, mgonjwa unamletea viatu vya kuzikwa?"

"Mpenzi, rangi ilinishinda."

"Mama ameviangalia akageukia ukuta. Usinitafute tena."

Kijana wa watu alilia, tena sana. Kisha akakata ngozi mpya. Safari hii alipaka vipande, akavianika kivulini, akangoja kila kimoja kikauke. Majuma yakapita. Alipoipata kahawia yenyewe alikwenda Homa Bay mbio, akakuta matanga.

Kezia, leso nyeusi kichwani, aliviinua viatu juani akavitazama kwa muda mrefu.

"Rangi ya mama ni hii," alisema. "Lakini umechelewa, Maroa."

Maroa akamweleza yote, makosa na aibu yake. Kezia akamsikiliza, mwishowe akauegemeza uso wake kifuani pake, wakalia pamoja.

Sabato iliyofuata Kezia alivaa viatu vile, ingawa vilimpwaya, akasimama pale mama yake alipozoea kuketi.

"Mama alitaka kusema hapa kwamba Maroa ni mkwe wake," alisema. "Hayuko. Mimi ndio nasema."

Mzee Ongeri akachukua kofia yake akatoka nje. Kwenye benchi la nyuma, Maroa alisema amina peke yake.