Kitabu Alichochaguliwa Dewald

Kila asubuhi, kabla jua halijavuka vilima vya Karoo, nyika kame ya Afrika Kusini, Mama Marietjie Lategan alikuwa amekwisha washa jiko la kuni, akateleka kahawa na kufuta meza ndefu ya jikoni. Meza hiyo ilikuwa ya kulia chakula na ya kukatia nyama. Ikifika saa mbili iligeuka kuwa darasa. Shule ilikuwa mbali, huko mjini, na watoto wa mashamba mengine walilala bwenini wiki nzima. Mama Marietjie alikataa katakata. Alisema hawezi kumkabidhi mlezi wa bweni mtoto ambaye bado anatafuta mkono wa mama yake akiamka. Kwa hiyo Liesbet, msichana wa miaka kumi na mitatu, na mdogo wake Dewald wa miaka tisa, walisomea hapo hapo, huku wanakondoo yatima wakilia kwenye boksi karibu na jiko.

Nyumba hiyo ilikuwa na sheria moja kuhusu vitabu. Kitabu hakikuwekwa mbele ya mtoto mpaka kwanza mtu aliyemzidi umri akisome chote, kuanzia jalada hadi jalada. Familia za wilaya hiyo zilizofundisha watoto nyumbani zilikutana kila baada ya miezi michache katika ukumbi wa kanisa, zikabadilishana vitabu vilivyotumika, na Mama alirudi na boksi zima. Alivisoma akikoroga uji, akavisoma tena akimnyonyesha mtoto wake mchanga, wa tatu. Kisichofaa kilirudi bokseni bila maelezo.

Liesbet alikuwa msomaji hodari, na alijijua. Dewald maskini, herufi zilimchezea. Aliziona zikipandana na kubadilishana nafasi, na kabla hajamaliza mstari mmoja jasho lilikuwa limemtoka. Lakini ukimpeleka zizini ungemvulia kofia. Alimtazama kondoo mara moja tu akajua kama atazaa leo, na kama mwana amekaa vibaya tumboni, kitoto kile kilipiga magoti kikamgeuza kwa mkono wake mwembamba. Baba yake, Gideon, alishindwa kufanya hivyo kwa sababu mikono yake ilikuwa mikubwa mno.

Hayo hayakumtosha Bibi Hester, mama yake Gideon. Jumapili moja, huku akikata nyama kwenye sahani yake, alitangaza kwamba mtoto wa miaka tisa asiyejua kusoma ni aibu ya ukoo, na kwamba bweni lilimnyoosha Gideon na lingemnyoosha huyu pia. Gideon hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. Palepale mezani aliamua kwamba kwenye mkutano wa familia hizo wa mwisho wa majira ya baridi, ambapo kila mtoto hupanda jukwaani na kusoma ukurasa wa kitabu alichokuwa akisoma, Dewald atasoma kama wenzake. Akishindwa, Jumatatu yake anakwenda bwenini.

Dewald aliweka uma chini. Aliuliza kwa sauti ndogo ni nani atawanywesha maziwa wanakondoo.

Mwaka huo ukame ulikuwa mkali na kondoo wengi walizaa wakiwa dhaifu. Mama Marietjie alishinda zizini na mtoto mgongoni, hana hata nafasi ya kufungua kitabu. Ndipo alipomwita Liesbet na kumkabidhi ile kazi: asome vitabu yeye, amchagulie mdogo wake kimoja kizuri, amsaidie kila siku mpaka mkutano. "Wewe ndiye macho yangu sasa," alimwambia.

Ni neno zuri kumwambia mtoto, lakini lilimkuta Liesbet ana donge moyoni. Tangu Dewald aanze kusumbuka na kusoma, Mama alikaa naye asubuhi nzima, bega kwa bega, huku Liesbet akifanya hesabu zake peke yake kwenye ncha ya meza. Insha zake zilikaa siku nyingi bila kusomwa. Kila mtu alisema, "Liesbet anajiweza." Alichoka kujiweza. Akaanza kufikiri kwamba Dewald akienda bwenini, meza yote itakuwa yake, na Mama pia. Wazo lilikuja kama utani, likaingia, likakaa.

Akapekua boksi la vitabu. Kulikuwa na kitabu chembamba cha picha kuhusu magonjwa ya kondoo, ambacho kipofu angejua ni cha nani. Akakisukuma chini ya vingine. Alichotoa kilikuwa kitabu kinene cha jalada la kahawia, cha zamani sana, hadithi ya wakili mmoja na kesi ya urithi, maandishi yake madogo kama punje za ulezi. Alisoma kurasa nne akapiga miayo. Kilifaa kabisa.

"Umekisoma chote?" Mama aliuliza, damu ya kondoo ikiwa bado mikononi. "Kinaonekana kigumu."

"Chote, Mama. Mwanzo ndio mgumu kidogo, lakini mbele kinalainika."

Mama akamwamini. Angeachaje kumwamini?

Siku zilizofuata Liesbet alikuwa mkatili kuliko alivyojijua. Dewald akiuliza neno, alimwambia mwenye akili angelijua. Akimwonyesha mstari aliousoma, alimwambia binamu zao walimaliza kitabu hicho wakiwa na miaka saba, uongo mtupu. Akaanza kumwita Kondoo. Dewald, ambaye aliwapenda kondoo kuliko watu wengi, hakujua kwanza kwamba anatukanwa. Alipojua, aliacha kuuliza maneno. Alikaa tu akitazama ukurasa, midomo ikitikisika.

Gideon aliona mtoto hasongi mbele, akadhani ni uvivu. Akampiga marufuku kukanyaga zizini mpaka aweze kusoma ukurasa mmoja wote. Jioni moja kondoo jike mkubwa, yule ambaye Dewald alimlea kwa chupa, alishikwa na uchungu. Alilia muda mrefu. Dewald alimsikia kutoka jikoni, akamwomba baba yake kupitia dirishani amruhusu aende, akakatazwa. Kondoo yule alikufa na mapacha tumboni. Dewald alilaza kichwa juu ya kile kitabu akalia mpaka kurasa zikalowa.

"Si ungesoma haraka," Liesbet alimwambia.

Alipokwisha kulitamka alitamani kulirudisha. Lakini neno likitoka halirudi, na Dewald aliinua uso akamtazama kama mtu asiyemfahamu. Liesbet alikwenda kuosha vyombo. Angeweza kusema ukweli jioni ile. Hakusema.

Siku ya mkutano ukumbi ulijaa. Akina mama walipanga biskuti ngumu na kahawa kwenye meza moja, vitabu kwenye nyingine. Mkuu wa meza ya vitabu alikuwa Shangazi Drieka, dada yake Gideon, mwanamke mkavu asiyecheka ovyo. Watoto walipanda jukwaani mmoja mmoja. Liesbet alisoma shairi refu bila kuangalia karatasi, akapigiwa makofi. Kisha likaitwa jina la Dewald.

Alipanda na kitabu chake cha kahawia. Alisoma neno la kwanza. Alisoma la pili. La tatu lilimkwama, akalirudia, likamkwama tena. Ukumbi ukanyamaza kwa adabu mwanzoni, halafu binamu yake Tertius, kijana wa miaka kumi na miwili aliyependa kusikika, akasema kutoka mstari wa mbele:

"Kigeuze, bwana. Umekishika juu chini."

Wakacheka. Walicheka watoto, na baadhi ya wakubwa waliinama kuficha nyuso. Dewald alikigeuza kweli. Alidhani anasaidiwa. Hapo kicheko kikafumuka, na suruali yake ya kanisani ikaanza kulowa kutoka juu hadi kwenye soksi. Kitabu kikamwanguka.

Gideon alisimama, uso mwekundu. "Jumatatu," alisema tu, akimtazama mkewe.

Liesbet alikuwa amepata alichokitaka. Alingoja furaha ije, haikuja. Alichokiona ni soksi za mdogo wake.

Shangazi Drieka ndiye aliyepanda jukwaani. Alivua koti lake akamfunga Dewald kiunoni, akamkabidhi kwa mama yake, kisha akaokota kitabu. Akakifungua, akapeleka kidole pembezoni mwa kurasa, akakunja uso.

"Marietjie, kitabu hiki nani alikisoma kwanza?"

Mama alimwangalia binti yake. Liesbet akasimama. "Mimi, Shangazi."

"Chote?"

"Chote."

Njia ya mwongo ni fupi. Shangazi aliinua kitabu ili ukumbi wote uone. Vitabu vya zamani vilitoka kiwandani kurasa zikiwa bado zimeungana kwa pembeni, na msomaji alizikata mwenyewe kwa kisu kadiri alivyosonga mbele. Mwenye kitabu hiki alikata kurasa chache za mwanzo akakata tamaa. Zilizobaki zilikuwa zimefungana mbili mbili tangu siku kilipochapwa. Hapakuwa na jicho la mwanadamu lililowahi kuzisoma.

Hakuna aliyecheka sasa. Gideon alipanda jukwaani polepole, akatoa kisu chake cha mfukoni, kile cha kukatia mikia ya kondoo, akachana kurasa mbili zilizoungana katikati ya kitabu. Akampa Liesbet.

"Ulimwambia mama yako mbele kinalainika. Tusomee kinapolainika."

Liesbet alisoma. Sentensi zilikuwa ndefu kama uzio wa shamba, zimejaa maneno ya mahakama ambayo hakuwahi kuyasikia. Alikwama, akarudia, akakwama. Tertius akaguna kwa kicheko, wengine wakamfuata. Wale wale. Hapo ndipo Liesbet alipojua maana ya mkuki kwa nguruwe. Akashusha kitabu. Baba yake akachana ukurasa mwingine. "Endelea."

"Gideon, inatosha," alisema Mama Marietjie.

"Hajamaliza."

"Nimesema inatosha. Tumekuja hapa tukamvua nguo mtoto mmoja mbele za watu. Sasa unataka wawe wawili? Sheria ilikuwa yangu, nikamtupia mtoto. Wewe ulimfungia Dewald ndani bila hata kufungua kitabu anachosoma. Na nyinyi mliocheka, rudini nyumbani mkajiangalie kwenye kioo. Dewald haendi bwenini."

Bibi Hester alifungua kinywa. Shangazi Drieka akamwambia, kwa heshima lakini waziwazi, "Mama, leo unywe kahawa yako." Gideon alitazama kisu mkononi mwake. Akakikunja, akakirudisha mfukoni, akashuka.

Nyumbani, Liesbet alieleza yote, pamoja na lile neno alilolisema kondoo alipokufa. Hakupunguza kitu. Mama alisikiliza mpaka mwisho, na alichosema alikisema bila kupaza sauti.

"Kumchagulia mtoto kitabu ni sawa na kumpakulia chakula. Unaonja kwanza wewe. Unamjua anayekula, meno yake na tumbo lake. Wewe ulimpa mwenzio jiwe, ukaapa mbele yangu kwamba ni mkate, halafu ukamcheka alipovunjika jino. Kama ulikuwa unanihitaji, mwanangu, ungeniambia. Ningekusikia. Sasa nimekusikia, lakini angalia nani amelipa."

Kuanzia wiki hiyo Dewald alijichagulia mwenyewe, na sheria ikabaki palepale. Cha kwanza kilikuwa kile cha magonjwa ya kondoo. Liesbet alikisoma chote kabla yake, funza, matumbo yaliyovimba na kwato zilizooza, akamweleza Mama kila sura inasema nini. Mama alikaa na Dewald asubuhi, na alasiri alikaa na Liesbet, insha kwa insha. Majani yalipoanza kuota tena Dewald aliweza kusoma ukurasa, kisha kurasa mbili. Gideon alimsikiliza amesimama mlangoni, kofia mkononi, na alipomaliza alimwomba msamaha kwa maneno machache yaliyomtoka kwa shida.

Liesbet naye alikwisha omba msamaha, mara nyingi. Dewald alimjibu kila mara kwamba yamekwisha. Lakini akiwa anasoma kwa sauti jikoni na Liesbet akaingia, hunyamaza, akaweka kidole kwenye mstari, akangoja atoke.

"Mpe muda," Mama humwambia. "Uongo wako ulichukua dakika moja. Dawa yake haina haraka hiyo."

Kwa hiyo Liesbet hutoka, huketi kwenye ngazi za nje chini ya dirisha, na kusikiliza. Dewald anajua yupo pale, wala haachi kusoma. Siku hizi, akikwama kwenye neno, hulirudia polepole, kisha hulisoma mwenyewe.