Lodwar hadi Mandera, kwa Juu kwa Juu

Adhana ya magharibi ilipoanza, Fadhiya alimwachia Mirriam ofisi akaenda kusali, kama kila siku. Ilikuwa ofisi ndogo ya tikiti za ndege, katika kichochoro cha Kibokoni, Mombasa. Mirriam, binti wa Kaloleni mwenye mdomo mwepesi, alitaka tu kuzima kompyuta ajiendee zake.

"Hodi..."

Akaingia bibi mmoja, kajitanda leso, kashika ungo. Akauweka juu ya kaunta. Chumba kikanuka majivu yaliyomwagiwa maji.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Lodwar hadi Mandera, kwa juu kwa juu, ni mwendo gani?"

"Hakuna ndege ya moja kwa moja, bibi. Lazima upitie Nairobi."

"Sikuuliza ndege. Nauliza mwendo."

Mirriam akacheka, akapima kwenye ramani ya kompyuta. "Karibu kilomita mia saba."

Bibi akahesabu kwa vidole, akinong'ona. "Na mzigo... Nitawahi kabla ya alfajiri."

Hapo mwenye akili zake angenyamaza. Lakini Mirriam alikuwa na hamu ya mumewe, na mwenye hamu hana siri. "Mume wangu Kenneth yuko Lodwar. Ni fundi wa umeme pale uwanja wa ndege."

"Ala! Mtoto wa nani?"

Pwani hilo ni swali la adabu, huulizwa hata kabla ya kupewa kiti. "Wa mzee Dzoro."

"Na mamake?"

"Nyevu."

Bibi akatabasamu, akachukua ungo wake, akatoka. Mirriam alichungulia kichochoroni...

Hapakuwa na mtu.

Kwenye kaunta palibaki duara la majivu. Akalifuta kwa kiganja. Lilikuwa na joto.

Fadhiya aliporudi na kusikia kisa, alifunga mlango kwanza. "Umemtaja na mamake?" akanong'ona. "Heri ungejikwaa dole kuliko ulimi, Mirriam. Mchawi hana kazi na jina la baba. Mtu hufungwa kwa jina la mama."

Mirriam akampigia Kenneth. Simu ikaita... ikaita... Haikupokewa. Alikesha akipiga, huku akilia na kumwomba Mungu.

Asubuhi, akiwa ofisini, ikaingia namba ngeni.

"Mirriam..." Alikuwa Kenneth. "Niko Mandera."

"Mandera! Umefikaje?"

"Sijui. Nililala kitandani kwangu Lodwar. Nimeamka kando ya uwanja wa ndege wa huku, peku, nguo zote majivu."

Yu hai! Mirriam akaangua kilio cha furaha.

"Usilie, mke wangu. Kuna bibi mmoja hapa amenisitiri. Simu hii ni yake. Mpole mno, anaulizia habari zako."

Mirriam akakatiza kilio. "Habari gani?"

"Za adabu tu. Kwamba mke wangu ni mtoto wa nani."

"Kenneth, usimtaje mama! Nakuomba, usimtaje..."

"Nishamtaja."

Kisha Kenneth akasema, kwa sauti ya mtu mwenye usingizi:

"Ananituma nikuulize... Mandera hadi Mombasa, kwa juu kwa juu, ni mwendo gani?"