Nilizima Njia Zote Mbili

Nina umri wa miaka thelathini na tisa. Naishi peke yangu katika chumba cha kupanga hapa Same mjini, na riziki yangu ni kutengeneza simu za watu. Mtoto wangu wa pekee haishi nami. Mume wangu yu hai, mzima wa afya, lakini si wangu tena... Yaliyonipata sikutendewa na mtu. Niliyatenda mwenyewe, kwa vidole vyangu hivi, nimekaa kwenye kiti, mchana kweupe!

Majina nimeyabadili, na kijiji sitakitaja. Itoshe kusema ni kule juu milimani, upande wa Shengena, ambako ukungu ukishuka unajikuta unaitikia salamu ya mtu usiyemwona.

Kule simu za kawaida hazishiki. Mtu akitaka kupiga ilimbidi apande mlima mpaka apate sehemu yenye mtandao. Ndipo ushirika wetu wa wakulima wa tangawizi ulipoamua kujenga mtandao wake. Mimi nilikuwa nimesomea mambo hayo chuoni, nikapewa kazi. Nilipanda milima na antena mgongoni. Nilifunga minara midogo na sola, kilima hadi kilima, mpaka shule, zahanati, kanisa na ghala la tangawizi vikawa vinawasiliana. Watu wakapigiana kwa intaneti wakiwa jikoni kwao! Wakaniita Mama Mtandao. Nilitembea kifua mbele, nakwambia...

Mtu mmoja tu hakufurahi. Mama mkwe wangu, ambaye tuliishi naye. Kila nilipovaa suruali na mkanda wa kupandia minara, alilalamika kwamba mwanamke gani anaparamia nguzo na mtoto yuko nyumbani. Siku moja tulijibizana vibaya mno. Akafunga nguo zake kwenye kitenge, akahamia kwa mdogo wake, ng'ambo ya bonde.

Nami nikamwambia mume wangu, fundi seremala, mtu mpole asiyependa makelele: "Baba Upendo, ukilivuka lile bonde kumfuata mama yako, usirudi hapa."

Alichukua randa yake, akarudi kwenye mbao zake. Nikadhani amekubali...

Mtandao ukaendelea kukua. Kila mwezi nyumba mpya, duka jipya, simu mpya. Mimi nilikuwa nimeviunga vifaa vyote kwa daraja moja, ni kama watu wa milima yote ile wanaishi chumba kimoja. Mmoja akiita, wote wanasikia. Vifaa vikiwa kumi, hakuna shida. Vilipopita mia, ikawa vurugu tupu! Simu zilikatika katikati ya maneno. Zahanati ililalamika. Walimu walilalamika. Na lawama zote, kwa nani? Kwangu.

Wakati huo ndipo alipokuja Nakiete.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na minne, mzaliwa wa kilima cha mwisho, ametoka chuo, amekuja kufanya mazoezi ya kazi chini yangu. Nilimpokea kwa mikono miwili. Siku za mvua alilala kwangu. Alikula makande ya chungu changu. Nilimfundisha kupanda mnara bila kutazama chini.

Kwenye kikao cha ushirika akanyoosha mkono. Akapendekeza kila kilima kiwe na eneo lake la mtandao, na langoni pakae ruta, kifaa kinachojua ujumbe upite wapi. Njia moja ikifa, ruta itafute nyingine yenyewe. Na mtu wa pembezoni akitaka kuunganishwa, awekewe kifaa kidogo huko huko kwake, bila kugusa vya katikati.

"Dada, daraja lako si baya," aliniambia kwa adabu baada ya kikao. "Ila halikujengwa kubeba watu wote hawa."

Baada ya wiki chache mtandao ukawa mwepesi kama unyoya. Watu wakashangilia! Ushirika ukamfanya Nakiete msimamizi wa mitambo. Mimi, niliyebeba antena ya kwanza, nikaachiwa meza ghalani ya kutazama kioo cha kompyuta...

Ningevumilia, labda. Lakini jioni hiyo mume wangu akasema, huku akimenya ndizi, wala hana habari: "Yule binti ana akili sana."

Maneno matano tu. Usingizi ukanihama.

Tangu siku hiyo nikaanza kumchunguza mume wangu. Na anayetafuta hakosi! Alianza kuchelewa kurudi. Alirudi ananukia sabuni ya kuogea, mikono ya shati imelowa. Seremala, anukie sabuni badala ya mbao? Nikakuta mafuta ya kujipaka ya kike kwenye mfuko wa koti lake. Nikafungua sanduku langu, khanga moja mpya haipo. Jamani, khanga yangu! Ningefikiri nini mimi?

Nikamuuliza: "Baba Upendo, siku hizi jioni unashinda wapi?"

"Kuna kabati natengeneza, kule kilima cha mwisho."

"Kwa nani?"

"Kwa mtu tu," akajibu, macho chini.

Kilima cha mwisho... kwa kina Nakiete!

Kesho yake nikiwa ghalani nikafanya jambo nisiloruhusiwa. Kila mnara una orodha ya simu zinazopitia kwake. Mnara wa kilima cha mwisho ulisimikwa uani kwa kina Nakiete. Nikaufungua kwenye kompyuta. Simu ya mume wangu ilikuwa pale! Kuanzia saa kumi alasiri hadi saa kumi na mbili. Kesho yake tena. Na keshokutwa. Siku tisa nilihesabu, nikiuma kucha mpaka damu.

Wasomaji wenzangu, hapa ndipo ninapoona aibu zaidi. Mimi ni fundi. Nilijua kwamba orodha ile inaonyesha mlango tu. Nyuma ya mnara panaweza kuwa na kifaa kingine kidogo kilichoungwa kwa daraja, na simu za huko mbali zikaonekana kana kwamba ziko palepale uani. Ningebofya mara mbili tu ningejua. Sikubofya! Nilikuwa nimeshamhukumu, ushahidi wa kumtetea ningeupeleka wapi?

Ikafika siku ile ya Alhamisi. Ukungu ulikuwa umeshuka tangu asubuhi na mvua inanyunyiza. Nakiete alikuwa ameaga anaumwa. Saa tisa na nusu, mapema kuliko kawaida, nikaona simu ya mume wangu imejiunga kwenye mnara wa kwao. Anaumwa? Kumbe ugonjwa wenyewe ndio huu!

Simu yangu ikaita. Jina lake. Nikasema, anapiga kunipima kama niko kazini. Nikaikata.

Ikaita tena. Nikaitazama inavyotetemeka juu ya meza... nikaikata tena.

Kisha nikaufunga mnara wa kilima cha mwisho. Amri moja tu. Nilitaka wakae gizani na penzi lao!

Lakini ile mitambo ya Nakiete ilifanya kama ilivyofundishwa. Ruta ziliona njia imekufa, zikatafuta nyingine. Sekunde chache tu, simu ya mume wangu ikaibuka tena kwenye kioo, sasa inapitia mnara wa shule. Na simu yangu ikaita mara ya tatu.

Unajua nilihisi nini? Nilihisi Nakiete ananicheka! Hata njia zake zinamtetea! Nikaifunga na ile ya shule. Simu ikanyamaza katikati ya mlio. Jina la mume wangu likapotea kwenye kioo, na mimi, Mungu anisamehe, nikatabasamu.

Nikadandia bodaboda kwenda kuwafumania.

Njia ilikuwa tope tupu, tulichukua karibu saa nzima. Njiani kote nilipanga matusi. Nikafika, sikubisha hodi, nikasukuma mlango... Nakiete alikuwa kitandani, amefunikwa mablanketi mawili, anatetemeka kwa malaria. Mama yake ameketi kando na bakuli la maji. Hakukuwa na mwanamume yeyote mle ndani.

"Shikamoo dada," Nakiete akasema kwa taabu. "Afadhali umekuja. Mtandao umekatika, hata njia ya shule. Baba Upendo atawapataje zahanati?"

"Zahanati ya nini?" nikauliza. "Yuko wapi?"

Akanitazama. Mama yake akanitazama.

"Kwa mama yake," Nakiete akajibu polepole. "Ng'ambo ya bonde. Nimewawekea kifaa kidogo kule mwezi uliopita, kinapitia hapa kwetu. Mama amepooza miguu tangu masika, na leo amezidiwa; Baba Upendo alinipigia kuomba namba ya zahanati, mtandao ukakatika... Dada, ulikuwa hujui?"

Kumbe kila alasiri mume wangu alivuka lile bonde kumwogesha mama yake. Kumpaka mafuta asichubuke kwa kulala. Kumlisha uji. Khanga yangu ndiyo aliyomtandikia! Nami sikujua, kwa sababu mwenyewe nilimtishia kwamba akienda asirudi.

Nikasema tu: "Ni mimi nimezima..."

Nakiete hakuniuliza kwa nini. Alijifunga shuka, akatoka kwenye mvua na homa yake, akaufungua mnara kwa mkono, akauwasha upya. Mimi nilimmulikia kwa tochi ya simu. Mtandao uliporudi, yeye ndiye aliyepiga zahanati wakatoa gari.

Tulipotazama bondeni, ukungu ulikuwa umefunguka kidogo. Wanaume wanne walikuwa wanapanda na machela ya mablanketi na miti. Wa mbele kushoto alikuwa mume wangu. Walikuwa wamekata tamaa ya simu, wakaamua kumbeba kwa miguu mpaka barabarani, kwenye utelezi ule...

Mama mkwe alikuwa amebanwa na kifua, hapumui vizuri. Gari lilimkuta barabarani, akafikishwa hospitali gizani. Siku ya tatu akafariki. Hatukuongea. Alinitazama mara moja tu, na sijui alitaka kuniambia nini. Nitakufa sijui.

Kwenye msiba nilikaa mkekani na wanawake wengine. Mama mdogo wake mume wangu, aliyekuwa akiishi na marehemu, akanikumbatia akilia, hajui lolote. Akanionyesha kile kifaa ukutani. Akasema marehemu alipenda kumtazama mjukuu wake Upendo kwenye simu ya mwanawe. Tena kila mgeni aliyeingia alimwambia: "Huu mtandao mnaouona ni wa mkwe wangu. Ndiye aliyeuanza."

Niliomba ardhi ipasuke!

Baada ya mazishi Nakiete aliniita pembeni. Mitambo huandika kila amri, saa yake na aliyeitoa. Alikuwa ameona yote, hata kule kuchungulia kwangu kwa siku tisa.

"Dada, mimi sitasema," aliniambia. "Ila wewe sema mwenyewe. Ukikaa nalo litakuua."

Nikasema. Kwanza kwa mume wangu na wazee wa ukoo, kisha kwa ushirika. Mhudumu wa afya alikuwa ameshasema kwamba kwa ugonjwa ule, kila dakika ya kuwahi ilikuwa na maana. Hakuna aliyenipiga. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana!

Mume wangu alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja tu: "Zile simu nilizokupigia wewe... uliziona?"

Nikajibu: "Niliziona."

Kisha akasema: "Nilikuficha habari za mama kwa sababu nilikuogopa. Hilo ni kosa langu. Sasa sikuogopi tena. Wala sikutaki."

Wachungaji walisuluhisha, wazee walisuluhisha. Hakurudi nyuma. Upendo alibaki kwa baba yake, kwa sababu shule iko kule na mimi sikuwa na pa kumweka. Kazi nikaacha kabla sijaachishwa. Nikateremka Same na begi moja.

Sasa ni mwaka wa pili. Upendo huja likizo, ana miaka kumi na moja. Safari iliyopita aliniuliza: "Mama, kwa nini hukupokea?" Nilimwambia ukweli wote, nikalia mbele ya mtoto. Aliniletea maji kwenye kikombe, akaketi karibu yangu.

Nakiete ndiye anayenipigia kila Jumapili. Yule niliyetaka kumwangamiza! Ananieleza habari za kule, mvua, bei ya tangawizi, vijiji vipya walivyoviunga. Nami nafurahi kwa dhati. Wivu wote ule umekwenda wapi? Ulikuja ukanichomea nyumba, ukaondoka zake.

Wasomaji wenzangu, nawasihi. Ukiona dalili kwa mwenzi wako, usizikusanye moyoni ukazifungia kesi. Nenda, kaa naye, uliza hadi ujibiwe. Ukikuta anakuficha jambo, jiulize kwanza kama hukumtisha wewe mwenyewe. Ukimwona mdogo wako kazini anakupita, mpishe kwa heri, maana kuna siku utamhitaji.

Na wewe dada uliyemfukuza mama wa mume wako kama nilivyofanya mimi, usisubiri msiba. Mvukie leo hii. Hata akikununia. Hata akikuteta. Mimi nilikuwa na miaka miwili mizima ya kufanya hivyo, na bonde lenyewe ni mwendo wa nusu saa tu kwa mguu.