Kilima cha Pumzi

Kila asubuhi, kabla ya kupima chochote, Jovina alibana pumzi. Kwenye maabara yao ya Musinzira, mjini Gitega, mashine hupitisha mwanga usioonekana kwa macho kwenye unga wa kitu, kisha huchora kwenye kioo chake mstari wenye vilima. Kila kitu kina vilima vyake. Kwanza unapima hewa tupu. Ukipumua karibu, pumzi yako inachora kilima, na kazi inaharibika.

Siku hiyo Jovina alikuwa amesimama mbali, mlangoni. Kilima kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena.

"Audax, toka hapo."

"Mi niko huku kwa dirisha, dada," mwenzake akacheka. "Labda mashine imekula vitunguu."

Ndipo harufu ikawafikia, ya tope bichi na kinywa cha mtu aliyelala njaa. Ilitoka kwenye chungu kilichokuwa mezani. Walikuwa wakipima udongo wa vyungu vya zamani vilivyonunuliwa sokoni Gashoho, kule Muyinga, na hicho kimoja kilikuwa kimezibwa mdomo kwa udongo. Jana Jovina alikibandua kizibo, akakisaga nusu.

Saa nne mwanamke aliingia bila hodi, amembeba mgongoni binti yake wa miaka sita. Alijitaja kuwa Swabra, kutoka Muyinga; sokoni walikuwa wamemwelekeza huku.

"Nani amefungua chungu yangu? Bwana yangu aliuza bila kujua. Jini iko ndani! Ilikuwa inamunyonya Zaituni pumzi, fundi wa majini akaifunga humo. Tangu jana inamunyonya tena."

Midomo ya mtoto ilikuwa ya kijivu. Kila kilima kilipopanda kwenye kioo, kifua chake kilibonyea.

"Fundi yuko wapi?" Jovina alinong'ona.

"Alikufa. Lakini mbele ya kufa aliniambia namna. Mwenye alifungua anatanguliza pumzi yake ndani ya chungu, jini inaifuata, tunaziba."

"Pumzi kiasi gani?"

Swabra akatazama chini. "Hakusema."

"Eka, hapana, dada, usifanye," Audax akasema, na sasa hakuwa akicheka.

Zaituni alikuwa ameacha kulia. Jovina akakanda kwa maji kizibo kilichobaki, akampa Swabra, akapiga magoti, akaweka kinywa kwenye mdomo wa chungu na kupuliza, na kitu baridi kikampita shavuni kikiifuata pumzi yake, kikishuka nayo, kikivuta, kikiendelea kuvuta hata alipokuwa hana tena cha kutoa, mpaka Audax akamng'oa kwa mabega na Swabra akapiga tope juu ya chungu kwa viganja viwili, akisoma dua huku meno yakigongana.

Zaituni akakohoa. "Mama, maji."

Kwenye kioo mstari ulikuwa umelala.

"Bon. Imeisha," Audax akasema. Akainama, akaipulizia mashine kuhakikisha bado ni nzima. Kilima kikapanda. "Unaona? Puliza na we."

Jovina akainama. Akapuliza taratibu. Kisha akapuliza kwa nguvu zake zote, mashavu yamevimba, macho yamemtoka.

Mstari haukutikisika.