Miji Mitatu ya Sultani

Saa kumi na robo jioni, siku ya Jumanne, mashine ya boti ya kijiji cha Ndau ilikohoa mara mbili, ikatoa moshi mweupe, ikanyamaza. Ndani ya boti alikuwa amelazwa Kulthum, mimba yake haijatimu, uchungu umemjia kabla ya siku zake, na damu haikatiki. Mamake, Bi Hadia, alikuwa amemshika kichwa.

"Washa! Washa, mwanangu anaondoka!"

Nahodha akavuta kamba mpaka kiganja kikachubuka. Wapi! Wakambeba Kulthum na kumtia katika boti kuukuu inayojikokota, na safari ya saa moja na nusu kwenda hospitali ya Amu, yaani mji wa Lamu, ikawa ya saa nne. Mtoto alizaliwa hai. Mama mtu alikuwa amezimia, hakufumbua macho.

Koplo Patroba, askari pekee aliyebaki zamu kisiwani, alifungua mpira wa petroli akaukingia chupa. Petroli ikaelea juu, maji yakatuama chini. Akachovya kidole, akaonja, akatema. Yalikuwa ya chumvi. Mvua haina chumvi, na muuza mafuta mwenye tamaa huchanganya kwa maji ya kisima. Hata hivyo alikwenda kwa Bakr, muuza petroli, akapima pipa lake lote, akalikuta safi. Basi kuna mtu aliyeteka maji baharini akayamimina ndani ya tangi kwa mkono wake.

Akaandika saa. Boti ilirudi kutoka Faza saa sita, mashine ikilia vizuri. Washona nyavu walikaa pale pwani mpaka saa saba, wakaenda kuswali na kula, wakarudi baada ya Alasiri. Kwa hiyo uovu ulifanyika kati ya saa saba na saa kumi kasoro robo, wakati jua la Ndau halimwachii mtu hamu ya kutoka nje.

Jumatano asubuhi Bi Hadia, ambaye ndiye mfagiaji wa shule, alirudi Ndau kuchukua nguo za mtoto. Koplo akamkuta uani kwake, macho yamemvimba.

"Ulimwona nani pwani, Bi Hadia?"

"Abdulghafur. Saa nane, nikipita ndia ya shule. Ana jerikeni mkononi."

Hapo kila mtu akasema kesi imekwisha. Abdulghafur, mzee wa miaka sabini, alikuwa nahodha wa boti ile mpaka Ijumaa iliyopita, kamati ilipomvua unahodha kwa sababu ya uzee. Alisimama mbele ya watu akasema, "Boti hii haifiki mbali." Aliyasema kwa hasira, lakini aliyasema.

"Jerikeni ilikuwa ya nini, Bwana Abdulghafur?"

"Ya mai ya pwani."

"Unakubali basi!"

"Nakubali nimeteka mai. Sikubali nimemdhuru mtoto wa watu." Mzee akafungua kitambaa mguuni. Kidonda kilikuwa kimemla kisigino, na harufu ikamfanya Patroba ageuze uso. "Huosha hiki. Saa nane, watu wamelala, nisionekane. Wakijua naoza mguu, hata ngarawa hawatanipa."

Patroba alimwamini, lakini kuamini hakuandikwi kwenye jalada. Mkuu wake wa Lamu aliposikia kwenye simu habari za ugomvi na jerikeni, alisema maneno mafupi: Ijumaa mzee aletwe mahakamani. Mguu ule na sakafu ya rumande! Patroba alimfungia mzee chumbani, akampelekea godoro lake mwenyewe.

Ilibaki kumhoji mtu mmoja, naye alikuwa rafiki yake. Tena niseme kweli, alikuwa rafiki yake wa pekee. Patroba alitoka Busia, na kwa miaka miwili pale Ndau watu walimwamkia kwa adabu kisha wakampisha. Mwalimu Hussam naye alikuwa mwana wa mji wa Amu, wa ukoo wenye nyumba ya ghorofa na majina marefu, asiye na mke, mamake amefariki, naye wanakijiji walimwita mgeni vilevile. Wapweke hao wawili walikutanishwa na mchezo wa kompyuta, wa kupanga vita kwa zamu: wewe unasogeza majeshi yako, kisha unangoja kompyuta isogeze yake. Kila siku kila mmoja alicheza zamu mia peke yake, Patroba kituoni, Hussam katika chumba cha kompyuta cha shule. Kisha jioni wakapelekeana flashi, wakachekana, wakanywa kahawa.

Mchezo ulikuwa na ngazi nne za ugumu: Mwanafunzi, Askari, Jemadari na Sultani. Wao walicheza ya Sultani tu, na walikuwa wamewekeana ahadi hiyo.

"Wizi mtupu," Patroba alizoea kunung'unika. "Kompyuta haiongezewi akili. Inaongezewa mali! Mimi naanza na mji mmoja, yeye anaanza na mitatu."

"Ndiyo maana ukimshinda utajihisi mtu," Hussam humjibu. Lakini hakuna aliyewahi kumshinda.

Jioni hiyo ya Jumatano Hussam aliingia kituoni akikanyaga kwa visigino.

"Mbona unachechemea, Mwalimu?"

"Nimekanyaga mwiba."

"Nawauliza wote, nawe usinichukie. Jana kati ya saa saba na saa kumi?"

"Chumba cha kompyuta. Muulize Bi Hadia, makubadhi yangu aliyaona mlangoni." Akaweka flashi mezani. "Na shahidi mwingine huyu hapa. Zamu mia, na Sultani yuko hoi! Nimemzingira."

"Hebu wee! Hongera, ndugu yangu."

Bi Hadia alikwisha kusema vivyo hivyo: shule ilikuwa likizoni, mlango umefungwa, makubadhi nje tangu saa saba na nusu hadi saa tisa na ushei. Flashi nayo ilionyesha mchezo ulianza saa saba na dakika thelathini na tano, ukahifadhiwa saa tisa na dakika ishirini na tano. Na zamu mia dhidi ya Sultani, mwenye majeshi tele ya kusogeza, hazijawahi kupungua saa moja na nusu. Patroba alilifuta jina la Hussam kwa furaha. Hakuona haya kufurahi.

Alhamisi saa nane mchana alikaa peke yake. Mzee alikuwa akikoroma chumba cha pili. Barua ya uhamisho ilikuwa mezani: alipaswa kuondoka jana yake, Jumatano, kwa boti ileile iliyoharibiwa. Siku alipomwambia Hussam habari hiyo, Jumapili, Hussam alisema "Haya, kheri," akanywa kahawa yake mpaka makapi. Patroba alitaka angalau ajifunze jinsi rafiki yake alivyomshinda Sultani. Akachomeka flashi, akaurudisha mchezo mpaka zamu ya kwanza.

Ramani ikafunguka. Mji wa Hussam, mwekundu. Mji wa adui, kijani, kwenye ghuba ya mashariki.

Akatafuta mwingine. Akatafuta kisiwa kwa kisiwa, mara tatu. Hakukuwa na mwingine. Akafunga kompyuta, asiiguse tena mpaka adhana ya Alasiri. Angeweza kuifuta flashi ile. Hapakuwa na mtu ambaye angejua. Mzee akakohoa upande wa pili wa ukuta.

Baada ya swala akamwita Hussam, akamtoa na mzee, wakakaa watatu.

"Hesabu miji ya Sultani, Mwalimu. Zamu ya kwanza."

Hussam akatazama. Uso ukamshuka.

"Mmoja," akasema.

"Ulicheza ngazi ya Mwanafunzi. Kwenye ngazi ile zamu mia ni dakika arobaini. Dakika nyingine sabini ulikuwa wapi?"

"Patroba..."

"Uliacha makubadhi mlangoni ukatokea dirishani. Mchanga wa saa nane, bila viatu! Hebu nionyeshe huo mwiba."

Hussam akainua miguu: nyayo zote mbili zilikuwa na malengelenge.

"Kwa nini? Boti imekukosea nini?"

"Ingekuchukua." Akashusha miguu. "Fundi hutoka Amu, hukawia wiki. Nilitaka wiki moja tu, kisha uende. Sikujua Kulthum... Wallahi siku zake hazikuwa zimefika. Wewe ukienda, mimi nazungumza na nani katika nti hii? Na kompyuta?"

"Na mzee huyu? Jana umemwona amefungwa, ukanywa kahawa yangu!"

"Nilipokuja nilitaka kukwambia. Nikawaza, nikisema nitakuwa nimekupoteza."

Mzee Abdulghafur alijifunga kitambaa chake taratibu. "Ungesema, mwanangu," akasema. "Hata mimi nilikuwa sina wa kuzungumza naye." Akatoka nje, hakugeuka.

Ijumaa Patroba alimpeleka Hussam Lamu. Njiani walipata habari kuwa Kulthum amefumbua macho na ameuliza mtoto. Hussam alifunika uso kwa mikono yenye pingu.

Mkuu alisoma maelezo, akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akaichukua barua ya uhamisho na kuikata kwa mstari.

"Wewe ndiwe mpelelezi na ndiwe shahidi. Utabaki Ndau mpaka kesi iishe."

"Muda gani, afande?"

"Kesi hizi? Miezi saba. Pengine mwaka."

Hussam, kwenye benchi mlangoni, aliyasikia. Akalia kwa sauti, bila kujali nani anamtazama. Patroba akatia sahihi mahali alipoonyeshwa, akarudi Ndau siku ileile, na pwani nzima hakukuwa na mtu wa kumuuliza amefika salama.